Kanda Iliyokaa Chini ya Vitenge vya Mama

Kwetu Mbalibali, kitu kisichotakiwa kuguswa huwekwa chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya vitenge vya mama. Huko ndiko ilikokaa kanda yetu ya video kwa zaidi ya miaka ishirini. Sisi watoto tulijua ipo. Tuliisikia ikigonga ubavu wa sanduku kila lilipohamishwa, wala hakuna aliyethubutu kuitaja.

Ilipigwa Jumamosi tarehe 22 Juni 1996. Tunaijua tarehe hiyo kwa kuwa imeandikwa pembeni ya picha kwa tarakimu nyeupe. Baba mdogo alikuwa amekuja likizo kutoka Nairobi na kamera ya kubeba begani, akasema ni aibu watu kuishi jirani na Serengeti na watoto wao hawajaona hata mguu wa nyumbu. Basi tukapakiwa kwenye Land Rover ya kuazima, watu kumi na watatu, pamoja na masufuria, kuku wawili, chupa za chai na kibuyu cha maziwa. Bibi hakupendezwa. Ulikuwa umepita mwezi mmoja tu tangu meli ya MV Bukoba izame katika Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei, na kanda yote ya Ziwa ilikuwa bado msibani. Aliuliza ni watu gani hao wanaokwenda kutazama wanyama wakati wenzao wanalia. Mama akamjibu kwa heshima kwamba watoto hawangoji.

Tulipita Mugumu hadi upande wa Ikoma, nje ya mpaka wa hifadhi, tukatua chini ya mti. Mwezi wa Juni nyumbu hupita pande hizo wakielekea kaskazini, kwenye Mto Mara. Tulishinda pale mpaka jua likapoa.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitano. Mwanzoni mwa mwaka 1998, katika zile mvua za El Niño zilizojaza madimbwi na mbu kila mahali, malaria ilimpanda kichwani, naye akafariki. Baada ya mazishi Mama aliichukua kanda kutoka kabatini kwa baba mdogo, akaifunga kwenye mfuko wa rambo, akaifungia sandukuni.

Mama msomaji, huenda nawe unayo kanda ya namna hiyo, au albamu yenye ukurasa ambao mkono wako hauufungui. Picha ya kawaida hunyamaza. Kanda inacheka, inakohoa, inaita jina lako. Hapo ndipo utamu wake ulipo na maumivu yake pia.

Wilaya yetu ina jirani mwenye filamu iliyojulikana dunia nzima, nayo kwa kweli ni ya baba na mwanawe. Profesa Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, alikuja na kijana wake Michael kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi angani ikaanguka. Michael akafa akiwa na miaka 24. Baba aliimaliza filamu, ikatoka mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Watu walipiga makofi kwa ajili ya wanyama. Sisi tunajiuliza yule baba alikaaje mezani kukata na kuunganisha vipande vya filamu ambavyo mwanawe alikuwa amevipiga kwa mikono yake. Alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa akazikwa kando ya Michael, ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. (Wazee wetu wana lao la kusema juu ya filamu ile, maana wawindaji wa huku wamo kama waharibifu tu, wala hakuna aliyewauliza. Hilo tuliache kwa leo.)

Krismasi moja tulipokutana nyumbani, sisi ndugu tuligombana juu ya kanda. Kaka mkubwa alisema mzee asitoneshwe kidonda. Dada zetu walisema watoto wao wana haki ya kumwona mjomba wao, wakakumbusha habari ya Yoshua na yale mawe kumi na mawili ya Yordani, yaliyowekwa ili watoto wapate kuuliza. Sisi tuliosomea uuguzi tulikuwa na hofu ya aina nyingine. Tumeona wodini kwamba mfiwa haumizwi na kukumbuka kama anavyoumizwa na kushtukizwa. Tukakubaliana aulizwe mwenyewe, mchana, akiwa ameshakula, na asionyeshwe mbele ya wageni.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Itoeni kwanza, tuone kama ipo hai."

Ilikuwa nusu hai. Ukungu mweupe ulikuwa umeota pembeni mwa mkanda. Tulizuiwa kwa bahati tu kuitia kwenye deki ya jirani, kwa maana ukungu huchafua kichwa cha deki, na mkanda uliogandamana hukatika. Deki zenyewe zimekuwa adimu. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016. Tuliipeleka Mwanza kwa fundi, akaisafisha taratibu na kuihamishia kwenye flashi. Anayetunza kanda nyumbani aisimamishe kama kitabu, mahali pakavu, mbali na spika za redio kwa sababu ya sumaku, na avunje kile kijipande cha plastiki mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Sisi tulichelewa. Katikati ya nyumbu hutokea ghafla harusi ya shangazi, na bendi, kwa dakika kumi na moja.

Tulitazama siku ya Jumapili baada ya ibada. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba Mama hayumo. Baba yumo, amevaa kofia, ananyoosha kidole kuelekea kwenye vumbi. Baba mdogo hayumo kwa sababu ndiye aliyeshika kamera. Lakini Mama! Tunaona pindo la kitenge, moshi, mwiko, mkono unaopitisha kikombe. Siku nzima ya mapumziko ya familia yeye alikuwa jikoni, ila jiko lilikuwa limehamia porini. Mmoja wa wajukuu akauliza, "Bibi, wewe ulibaki nyumbani?"

Kisha sauti yake ikasikika, kali: "Shuka kwenye hilo gari! Ukivunjika mguu nitakubeba mimi?" Na mdogo wetu, juu ya boneti, anacheka mpaka anashika tumbo, halafu anashuka, anakimbilia ule mkono, anapokea kikombe cha maziwa.

Ndipo tulipojua kile ambacho Mama hakuwahi kutuambia. Miaka yote hiyo aliamini kwamba siku ile, iliyokuwa safari pekee ya mtoto huyo, alimgombeza kutwa akamnyima raha. Alikuwa ameikumbuka sauti yake mwenyewe. Kicheko alikuwa amekisahau, na kikombe pia.

Hakulia. Tuliolia ni sisi, na kaka mkubwa kuliko wote, akatoka nje kusingizia simu. Mama alisogeza kiti mpaka karibu na kioo.

"Rudisha hapo," alisema.

Tukarudisha. Akatazama mara tatu. Mara ya nne akainama, akakodoa macho kwenye pembe ya picha, kwenye majiko matatu ya mawe.

"Hilo sufuria kubwa," akasema, "lilikuwa la mama yangu. Nani alilichukua?"