Mji Hupimwa kwa Njia Panda

Wahenga walisema tembea uone. Mimi nilitembea nikaona, tena nikahesabu. Naomba mnifuate polepole, kwa maana jambo lenyewe linatuhusu hata sisi wa Kanyangi.

Likizo ya Agosti nilikwenda Mombasa kwa shangazi yangu, anayekaa upande wa Kisauni, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Usiku mmoja mtoto wake alishikwa na pumu. Tulimpigia simu kijana wa tuktuk, naye akafika upesi, hata tukasikia mngurumo. Kumbe yuko nyuma ya ukuta! Kutoka mlangoni petu hadi pale aliposimama ni hatua kama 60 tu, lakini katikati pana ukuta wa ploti ya mtu. Ilimbidi arudi hadi barabara ya lami, kisha aingie kwa njia nyingine. Hatukungoja. Shangazi alimbeba mtoto mgongoni, tukakimbia gizani mpaka tukakutana na tuktuk njiani. Mtoto alipona. Asubuhi nilirudi kuipima ile njia kwa miguu: hatua 740.

Shangazi alicheka kidogo akaniambia, "Mwanangu, hapa jirani unamsikia akikohoa, lakini kumfikia ni safari."

Maneno hayo sikuyasahau. Shule zilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa Jiografia, naye akaniambia kwamba nilikuwa nimepima kutapakaa kwa mji bila kujua.

Wengi wetu tukisikia mji umetapakaa, tunafikiri ni mji mpana tu. Kweli Mombasa imepanuka. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 665,018. Ile ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Kisiwa chenyewe ni kama kilomita za mraba 14 tu, basi watu wangekwenda wapi? Wamehamia bara: Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu. Lakini upana peke yake hausemi yote. Miji miwili inaweza kuwa na upana sawa, mmoja ukawa rahisi kutembea na mwingine ukawa mateso. Tofauti ni jinsi njia zinavyokutana.

Kipimo cha kwanza ni kuhesabu mikono. Chukua ramani ya mtaa, utie nukta kila mahali njia zinapokutana au kuishia. Njia iliyoziba, yaani isiyotokea popote, ina mkono 1. Njia moja ikiishia ubavuni mwa nyingine, hapo pana mikono 3. Njia mbili zikikatana, pana mikono 4. Jumlisha mikono yote, ugawanye kwa idadi ya nukta.

Tuseme mtaa wa kwanza una nukta 10: sita za mikono 4, tatu za mikono 3 na moja iliyoziba. Hiyo ni 24 na 9 na 1, jumla 34. Gawanya kwa 10 upate 3.4. Mtaa wa pili nao una nukta 10, lakini tano zimeziba na tano ni za mikono 3. Jumla ni 20, wastani 2.0. Mtaa wa kwanza umefumwa kama wavu wa mvuvi. Wa pili ni kama mti: ukitaka kutoka tawi moja kwenda jingine, sharti ushuke hadi shinani kwanza.

Kipimo cha pili ni cha mzunguko. Gawanya umbali wa kutembea kwa umbali wa mstari ulionyooka. Njia ikinyooka kabisa, jibu ni 1. Kwa shangazi ilikuwa 740 kwa 60, yaani zaidi ya 12! Sisi wa Jiografia tunakijua kipimo hiki bila kukipa jina: uzi juu ya ramani kufuata kona za njia, kisha rula.

Msidhani mambo haya ni mapya. Mwaka wa 1736 mwanahisabati Euler aliandika juu ya mji wa Königsberg, ambao siku hizi unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Mji huo ulikuwa na kisiwa mtoni na madaraja 7, na watu walitaka kujua kama mtu anaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu. Euler alithibitisha kuwa haiwezekani. Hakupima urefu wa daraja hata moja; alihesabu tu ni madaraja mangapi yanagusa kila upande.

Mombasa nayo ni kisiwa. Kaskazini kuna Daraja la Nyali lililojengwa 1980, magharibi kuna njia ya Makupa iliyopata daraja jipya 2022, kusini kuna feri ya Likoni. Feri zikikwama, maelfu ya watu husimama wakitazama kisiwa kilicho mbele ya macho yao. Ni ukuta wa shangazi ule ule, ila huu ni wa maji. Ndiyo sababu barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka bandari kupitia Mwache, ina thamani kubwa: imeongeza mkono mahali palipokuwa na haba.

Sasa jambo lililonishangaza. Nilipotembea Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, niliona vichochoro vyembamba mno, gari haliwezi kupita. Nikadhani hapo ndipo penye shida. La! Kwa mtu wa miguu, vichochoro vingi vinatokea kwenye vingine. Ukikosa huku unapita kule. Kwa hiyo anayepima lazima aseme kwanza anampimia nani, mwenye gari au mwenye miguu. Pale kuna Ndia Kuu, na sisi wa chama cha Kiswahili tunajua kuwa "ndia" ni "njia" kwa Kimvita. Nyumba zake zimejengwa na kubomolewa, lakini njia ingali pale. Nyumba hubadilishwa, njia hubaki.

Watafiti wawili, Barrington-Leigh na Millard-Ball, walipima barabara za dunia nzima kwa kompyuta, na mwaka 2020 wakaeleza kwamba tangu 1975 sehemu nyingi za dunia zimekuwa zikijenga mitaa isiyoungana vizuri. Nalo shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao makuu Nairobi, lilipendekeza mwaka 2014 kwamba angalau asilimia 30 ya ardhi ya mtaa iachiwe barabara, na kila kilomita ya mraba iwe na kilomita 18 za njia.

Kwa nini basi njia zinaziba? Pwani watu wengi wanamiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, kwa hiyo hujengwa kwanza na kupimwa baadaye, au kutopimwa kabisa. Wenye mali nao hujenga kuta na mageti kwa kuogopa wezi. Lakini sababu kubwa ni hii: kila mwenye shamba hukata ploti zake peke yake. Huacha njia ya kufikia ploti zake, haangalii jirani ameacha wapi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba. Shamba letu liko karibu na soko la Kanyangi, na mwaka huu yeye na baba mdogo wameanza kuuza ploti, kila mmoja upande wake. Nilimchorea mti na wavu kwenye karatasi, nikamwomba waziunganishe njia zao. Akanitazama, akasema, "Barabara haioti ndengu." Ni kweli, njia hiyo ingemla nusu ya ploti, na hiyo ni karo yangu na ya wadogo zangu. Sikuwa na jibu, nikamsimulia tu habari ya tuktuk. Alinyamaza. Jumamosi nilimwona na baba mdogo wakivuta kamba mpakani na kuhamisha vigingi. Waliacha njia moja, nyembamba, lakini inatokea.

Wenzangu, Kanyangi bado ni changa. Likizo ijayo kila mmoja wetu ahesabu mikono ya njia za soko la kwao, kisha tulete hesabu zetu chamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini njia ni kinyume: ukishajenga ukuta, njia huipati tena.