Kalehe: juu ya nini mlima unaporomoka, na alama gani za kuangalia mapema?

Alhamisi tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua kubwa ilinyesha katika teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Mito ikafurika, matope na mawe makubwa yakashukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko.

Namna gani mlima unaanguka?

Kwenye mtelemko, udongo umelala juu ya mwamba. Mvua ikinyesha siku nyingi, maji yanaingia mpaka udongo unashiba. Unakuwa mzito, na tena unapoteza nguvu ya kujishika. Kiisha unateleza mara moja. Ndiyo maana, mvua ya leo inaweza kuwa ya kawaida tu, lakini mlima ukaanguka sababu ya mvua ya wiki nzima.

Mizizi ya miti inashika udongo. Miti ikikatwa kwa ajili ya makala ao mashamba, mizizi inaoza pole pole. Basi hatari inaweza kuja miaka kadhaa nyuma, wakati watu wameisha kusahau. Kuchimba chini ya kilima ili kupata parsele kunaongeza hatari vilevile: ni kuondoa kile kilichokuwa kinaegemeza udongo wa juu.

Udongo ukianguka ndani ya mto, unaweza kufunga njia ya maji. Kizuizi kile kikipasuka, maji yanashuka pamoja na miti na mawe. Kwa hiyo hata nyumba iliyojengwa mahali pa sawasawa, pale mto unapotokea milimani, inaweza kubebwa.

Alama za hatari

– Mipasuko mipya katika udongo juu ya nyumba, ao ndani ya kuta.
– Miti ao nguzo zinaanza kuinama.
– Maji yanatoka mahali ambapo hayakuwako.
– Mto unapunguka gafula wakati mvua ingali inanyesha, ao maji yanageuka matope.
– Mngurumo kutoka juu.

Ukiona ao kusikia hivyo, toka na watoto, uwaite majirani. Usikimbie kufuata bonde kwenda chini, sababu matope yanakimbia kuliko mtu. Enda pembeni, upande mahali pa juu palipo mbali na mto. Usirudilie vitu: wimbi la pili linaweza kufuata.

Kupanda miti, kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko na kuacha nafasi kando ya mito kunasaidia. Lakini watu wanajenga chini kule sababu ndiko kuko barabara, soko na ziwa. Kuwaambia tu «hameni» hakutoshi. Swali linabaki moja: wahamie wapi, na kwa parsele gani?