Tovuti na nakala zake: Sakina hadi Munich (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba tovuti nyingi za kampuni zetu za utalii zimehifadhiwa kwenye seva za Ulaya au Marekani. Leo tupime mtandao wa kusambaza maudhui: seva zilizotapakaa duniani, kila moja ikitunza nakala ya kurasa na picha zako, ili mteja ahudumiwe na iliyo jirani naye.

Chukua kampuni ya kupandisha watalii Mlima Meru, ofisi yake Sakina, kando ya barabara ya Namanga. Seva iko Marekani, mteja yuko Munich. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa kilometa 8,000, kwenda na kurudi, hula milisekunde 80. Ni kidogo, ila simu na seva husalimiana mara kadhaa kabla hata ya picha ya kwanza kuanza kushuka. Nakala ikiwa Frankfurt, safari hizo hufupika sana.

Huku kwetu faida ni nyingine. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikazorota nchini. Kilichokuwa na nakala ndani ya nchi hakikulazimika kuvuka bahari.

Fedha si kikwazo; Cloudflare, kwa mfano, ina huduma ya bure. Gharama halisi imejificha. Ukipandisha bei leo bila kufuta nakala za zamani, mgeni ataendelea kuona bei ya jana, na atakudai uiheshimu. Tena unategemea mtu wa kati: Juni 8, 2021 mteja mmoja wa Fastly, kampuni nyingine ya huduma hii, alibadili mipangilio yake, akaamsha hitilafu ya programu, na tovuti za Guardian na serikali ya Uingereza zikapotea kwa karibu saa nzima. Fomu zenye namba za pasipoti nazo hupita kwenye seva hizo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.

Kwa maoni yangu, kampuni yetu ya Mlima Meru ijiunge, lakini kwanza ipunguze picha zake. Picha ya megabaiti 5 ni nzito popote ilipo. Shule ya Sakina ambayo wazazi wake wote wako Arusha haina haja hiyo. Itafute seva Dar es Salaam.