Madoa ya maji magumu kwenye vioo vya magari: kinachoyaleta, kinachoyatoa na kinachodhuru

Madoa meupe yanayoganda kwenye vioo vya magari pale Kilwa Masoko, na chokaa iliyoshikilia kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani tangu enzi za masultani, ni kitu kimoja: kalsiamu kabonati. Mwenye gari akilijua hilo ataelewa kwa nini sabuni haimsaidii, kwa nini brashi ya waya huharibu kioo kabla ya kumaliza doa, na kwa nini siki ya jikoni hufanya kazi iliyoshinda mkono wenye nguvu. Ataelewa pia kwa nini tindikali kali ya kusafishia vyoo, ambayo wengine huikimbilia, inaweza kumgharimu mtu macho yake.

Pwani ya Lindi imekaa juu ya mawe yenye chokaa. Ufukweni ni miamba ya matumbawe ya kale, ile inayowakata miguu wavuvi. Ukiingia bara, kwenye Milima ya Matumbi, kuna mawe ya chokaa ya zamani zaidi, ambayo maji yameyala hadi yakachimba mapango makubwa, likiwemo la Nang'oma. Mvua inaponyesha huchukua hewa ya ukaa angani, kisha huchukua nyingi zaidi udongoni, ambako mizizi na vijidudu vinapumua. Hapo maji huwa tindikali dhaifu sana. Yakipenya kwenye mwamba huuyeyusha kidogo kidogo na kuubeba kama kalsiamu baikabonati, ambayo jicho haliwezi kuiona. Kwa hiyo maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakawa yamebeba jiwe.

Maji hayo yakipashwa moto au yakikauka, hewa ya ukaa hutoka na kilichoyeyuka hurudi kuwa jiwe. Pangoni kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka, tone baada ya tone, hadi mawe yakaning'inia darini. Juu ya kioo cha gari lililooshwa saa saba mchana pale Nangurukuru, huchukua dakika chache. Wajenzi wa Kilwa waliitumia njia hiyohiyo kwa makusudi: walichoma matumbawe kwa kuni hadi hewa ya ukaa ikatoka, wakaizima chokaa kwa maji, wakaipaka ukutani, nayo ikainywa tena hewa ya ukaa na kugeuka jiwe. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, uwashi huo ulikuwa umeshakomaa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitarajii. Sukari na chumvi huyeyuka vizuri zaidi katika maji ya moto. Chokaa hii ni kinyume: maji yanavyozidi kupata joto, ndivyo yanavyoshindwa kuishikilia. Ndiyo sababu birika hupata ukoko mweupe kuliko mtungi, na gari jeusi lililoegeshwa juani hupata madoa kuliko jeupe lililo chini ya mwembe.

Wataalamu huyaita maji magumu pale kila lita inapobeba zaidi ya miligramu 120 za madini haya, yakipimwa kama kalsiamu kabonati, na magumu sana yakivuka 180. Chukua kisima chenye miligramu 300 kwa lita. Ndoo moja ya lita 20 ikikauka yote, itaacha gramu 6 za jiwe. Bila shaka maji mengi hutiririka chini gari linapooshwa, lakini kila tone linalobaki kwenye kioo huacha sehemu yake, na doa la leo huwa msingi wa doa la wiki ijayo.

Si kila weupe ni chokaa, hata hivyo. Upepo wa kusi ukivuma hurusha manyunyu ya bahari hadi kwenye magari yaliyoegeshwa karibu na gati, na visima vilivyo jirani na ufuko huchanganyika na maji ya bahari, hasa vinapovutwa kupita kiasi. Weupe wa namna hiyo ni chumvi. Kuvitofautisha ni rahisi. Mwagia kioo maji ya mvua: chumvi itayeyuka na kuondoka, chokaa itabaki. Kisha dondoshea tone la limau. Likitoa vipovu vidogo, hiyo ni hewa ya ukaa inayofukuzwa kutoka kwenye jiwe. Maji yenyewe unaweza kuyapima kwa chupa mbili, moja ya maji ya mvua na nyingine ya kisima. Tia kipande kidogo cha sabuni ya mche katika kila chupa, ukubwa uleule, kisha utikise. Maji magumu yatatoa povu hafifu na mabonge meupe. Usitumie sabuni ya unga kwa jaribio hili, maana imetengenezwa itoe povu hata katika maji magumu.

Hapa huja swali ambalo wazazi huuliza kuliko lolote: kama maji yanafanya hivi kwenye kioo, yanafanya nini tumboni? Jibu ni la kutuliza. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji ya kunywa. Ukoko ndani ya birika si dalili kwamba kuna jiwe linalojijenga ndani ya figo. Kwa ngozi, ni kweli kwamba maji magumu hula sabuni nyingi na kuacha utando unaoweza kuwakera wenye ngozi kavu. Lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011, ambamo watoto wenye ukurutu walifungiwa nyumbani mitambo ya kulainisha maji, haukuona nafuu zaidi ya ile ya wenzao waliotibiwa kwa dawa za kawaida. Maji ya chumvi ni habari nyingine. Mwenye shinikizo la damu anayetegemea kisima chenye ladha ya chumvi amweleze daktari wake. Na floraidi inayotia meno rangi ya kahawia katika baadhi ya maeneo ya Arusha na Kilimanjaro ni madini mengine kabisa. Ukoko mweupe hauwezi kukuambia kama imo au haimo, ni maabara tu inayoweza.

Kwa hiyo hatari ya kwanza ya madoa haya iko barabarani. Mchana dereva huyazoea, huyaona kama urembo ulioharibika. Usiku, katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, taa za lori linalokuja hugonga kila chembe ya chokaa na kutawanyika pande zote, na kioo kizima hugeuka ukungu mweupe. Katika sekunde hizo ndipo mwenye baiskeli isiyo na taa hupotea machoni. Kioo cha mbele chenye madoa ni kasoro ya usalama, kama ilivyo breki iliyochoka, na kinastahili kushughulikiwa kwa uzito huohuo.

Sasa namna ya kuyatoa. Chokaa ni laini kuliko kioo: katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, chokaa ina 3 na kioo ni kama 5.5. Lakini mchanga wa barabarani, ambao kwa sehemu kubwa ni kwatzi, una 7. Ukisugua doa kabla ya kuondoa vumbi, unachosugulia ni mchanga, na mchanga unachora kioo. Hatua ya kwanza basi ni kumwaga maji mengi, bila kusugua, hadi vumbi lote liondoke. Gari liwe kivulini na kioo kiwe kimepoa, kwa sababu juani dawa yoyote hukauka kabla ya kufanya kazi.

Dawa yenyewe ni tindikali dhaifu. Siki nyeupe ya kawaida, yenye asilimia 5 hivi ya tindikali, inatosha. Ndimu ya unga, ile chembechembe nyeupe ya kutengenezea juisi, ni nzuri zaidi na haina harufu: vijiko viwili vya chakula katika nusu lita ya maji ya vuguvugu. Limau lililokamuliwa linafaa pia, mradi lichujwe. Ukwaju, ambao bibi zetu wameutumia kung'arisha shaba, una tindikali ya kutosha, lakini huacha sukari inayonata na kuvuta vumbi, kwa hiyo nisingeupeleka kwenye kioo cha gari.

Kinachokosewa mara nyingi ni muda. Mtu hupuliza siki, hufuta papo hapo, kisha hulalamika kwamba haifai. Tindikali dhaifu inahitaji kukaa na jiwe. Lowesha kitambaa cha pamba, kibandike juu ya doa, funika kwa mfuko wa plastiki kisikauke, kiache dakika 10 hadi 15, ndipo ufute taratibu. Ukoko mnene hutaka kurudiwa mara mbili au tatu. Baadaye suuza kwa maji mengi, pamoja na mipira ya kingo za kioo na bodi iliyo chini yake, usiache tindikali kwenye chuma, alumini au rangi. Malizia kwa kukausha kwa kitambaa. Kama maji ya mvua yapo, yawe ndiyo ya kusuuzia mwisho. Lita mbili tatu za maji yaliyokingwa toka kwenye bati zinatosha vioo vyote vya gari dogo.

Wapo wanaochanganya siki na magadi ya kuokea, wakifurahia povu. Povu hilo ni tindikali inayoteketezwa na magadi. Kinachobaki hakina nguvu ya kula chokaa. Tumia siki peke yake. Wembe unaweza kukwangua ukoko mnene juu ya kioo kilicholowa maji ya sabuni, ukiushika kwa kuulaza, lakini usiuguse upande wenye tinti wala nyaya nyembamba za kuondolea ukungu kwenye kioo cha nyuma.

Yako madoa ambayo hayatatoka kwa siki hata urudie mara kumi. Chokaa na unyevunyevu vikikaa miezi mingi juu ya kioo, huanza kukila kioo chenyewe na kuacha vishimo vidogo mno. Ukifuta kwa siki, kikaonekana safi kikiwa kimelowa na madoa yakarudi kikikauka, huenda umefika huko. Dawa yake ni kusugua kwa unga laini wa seriamu oksidi, kioo kikiwa kimelowa muda wote. Kazi hiyo apewe fundi anayeijua, na kwa kioo cha mbele iwe ndogo sana, kwani kioo kilicholika bila usawa hupindisha picha ya barabara. Kikiwa kimeharibika mno, kubadilisha ndiyo nafuu.

Jambo moja kwa wageni na waongozaji wa wageni: siki inayosafisha kioo ni adui wa magofu. Kuta za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni matumbawe na chokaa, na tindikali itazila kama inavyolila doa. UNESCO iliyaweka magofu hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na haikuyatoa humo hadi 2014. Mtu asijaribu kufuta maandishi ukutani kwa limau.

Nimeacha kwa makusudi lile la tindikali ya vyooni hadi sasa, kwa sababu ndilo linaloumiza watu. Nyingi kati ya dawa hizo ni tindikali ya haidrokloriki. Ni kweli, huyeyusha chokaa mara moja. Lakini hula pia chuma cha waipa, alumini na rangi ya gari, hutoa mvuke unaochoma koo na mapafu, na tone moja likirukia jichoni linaweza kuacha kovu la kudumu. Hatari huongezeka inapokutana na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha pale Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Hata siki haitakiwi kuchanganywa na dawa hiyo.

Wanaolipa gharama ni vijana wa kuosha magari, wanaofanya kazi siku nzima mikono mitupu, na watoto wa nyumbani, kwa sababu tindikali hupimwa rejareja na kutiwa katika chupa za soda na za maji ya kunywa. Ikiingia jichoni, fungua kope na umwagie maji safi kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kitu kingine chochote, kisha mwende hospitali. Mtoto akiinywa, asitapishwe, kwa sababu itamchoma koo mara ya pili inapopanda. Msuuze mdomo na umkimbize Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Sokoine pale Lindi, ukibeba na ile chupa.

Mwenye sehemu ya kuoshea magari awanunulie vijana wake siki, glovu na miwani ya kukinga macho. Mwenye duka asiuze tindikali katika chupa ya kinywaji. Na wewe mwenye gari, ukiona kijana anataka kumwagia kioo chako dawa ya choo, mkataze, hata kama doa litabaki.