Macho na Leza (3): Kupima Kabla ya Kukata

Kila Oktoba, Siku ya Kuona Duniani inapoadhimishwa, habari za kutupa miwani kwa leza husambaa tena kwenye simu, na hata kwetu Nyabiyonza hazikosi kufika. Makala zilizotangulia zilieleza konea, kioo cha mbele ya jicho chenye unene wa takriban nusu milimita. Sasa ni zamu ya kuchagua njia ya upasuaji. Lakini kwanza akumbukwe Tsutomu Sato.

Daktari huyo wa Japani alianza miaka ya 1930 kuchanja konea ili ibadili umbo, na alichanja hata upande wa ndani. Wagonjwa waliona mbali, wakafurahi. Kumbe safu ya ndani ina chembehai zinazozuia maji yasijae kwenye konea, na zikifa hazizaliwi upya. Miaka kama 20 baadaye konea za wagonjwa wengi zilivimba na kuingia ukungu.

Katika miaka ya 1970, huko Moscow, Svyatoslav Fyodorov akachanja upande wa nje tu, mistari iliyotawanyika kama njiti za gurudumu la baiskeli. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa kwa miaka 10 ulikuta asilimia 43 ya macho yamesogea kuelekea tatizo la kinyume, la kutoona vizuri karibu. Furaha ya wiki ya kwanza si ushahidi wa tiba, na anayeitangaza kama ushahidi anawakosea wagonjwa.

Leza ya eksaima ilikuja na usahihi. Mwaka 1981 Srinivasan, Wynne na Blum wa kampuni ya IBM waliijaribu kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, nayo ikakata bila kuunguza. Pigo moja huondoa takriban robo ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Katika njia iitwayo PRK, utando wa juu huondolewa kisha konea huchongwa. Maumivu huchukua siku kadhaa, ila hakuna kifuniko cha kuhama mtu akigongwa jichoni. LASIK huinua kifuniko, huchonga chini yake na kukirudisha; mtu huona vizuri mapema, ingawa ukavu wa macho husumbua. SMILE hutoa kipande chembamba kupitia tundu dogo. Wenye namba kubwa sana ya miwani huwekewa lenzi ndani ya jicho.

Njia hizi za leza kwa kawaida hazimfai mwenye konea iliyochongoka kama koni. Mzio wa macho huwasumbua watoto wengi Afrika Mashariki, nao hupikicha macho mchana kutwa. Kupikicha huko huchangia konea kuchongoka. Mzazi anayelipuuza jambo hili anamfungia mtoto mlango wa leza mapema. Mtoto apelekwe hospitali yenye kitengo cha macho, iwe Bukoba, Bugando au Ruharo kule Mbarara. Leza yenyewe, inayopatikana Nairobi, isubiri atimize miaka 18 na namba ya miwani itulie.

Mkulima wa kahawa wa miaka 45 anayeisogeza simu mbali ili asome ujumbe ana shida nyingine: lenzi yake ya ndani imekakamaa, na kuchonga konea hakuirudishii ulaini. Miwani ya kusomea inamtosha.