Je, Wajua? Mlo wa mgeni wa heshima Malakisi

Kwa Wabukusu wa Malakisi, kaunti ya Bungoma, mlo wa mgeni wa heshima haukamiliki bila kuku wa kienyeji. Kuku huchinjwa, hunyonyolewa, hubabuliwa motoni ili vinyoya vilivyosalia viungue, kisha huchemshwa taratibu kwa kuwa nyama yake ni ngumu. Huliwa kwa ugali: leo wa mahindi, zamani wa wimbi au mtama. Mboga za kienyeji, mrenda au kunde, hulainishwa kwa maji ya majivu yaliyochujwa.

Vipande havigawiwi ovyo. Firigisi ni haki ya mwenye mji. Zamani wanawake walikatazwa kabisa kula kuku, ingawa wao ndio waliomfuga na kumpika. Mwiko huo usio wa haki umefifia.