JE, MOYO WAKO UNAPIGA MARA NGAPI?

Katika madarasa ya kisomo tulijifunza kuhesabu magunia, mbuzi na fedha. Leo tuhesabu kitu ambacho kila mtu anacho: mapigo ya moyo.

Moyo ni pampu. Kazi yake ni kusukuma damu iende mwili mzima. Kila unaposukuma, mishipa nayo hupiga. Ndiyo maana tunaweza kuyahesabu mapigo hayo kwenye mkono.

Namna ya kuhesabu

Ukiamka asubuhi, usitoke kitandani kwanza. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono wa pili, upande wa kidole gumba. Usipimie kidole gumba, maana nacho kina mapigo yake, kitakuchanganya.

Tazama saa yenye mshale wa sekunde. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha mara 2. Ukipata 36, moyo wako unapiga mara 72 kwa dakika. Rudia siku tatu na uandike daftarini.

Maana ya hesabu hiyo

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 mpaka 100 kwa dakika. Watoto wadogo huwa na zaidi. Wakimbiaji hodari huweza kuwa na 50, au hata 40. Kwa nini?

Tuseme watu wawili wanajaza pipa la maji. Mmoja ana ndoo, mwingine ana kopo. Mwenye kopo atakwenda kisimani mara nyingi mno. Basi moyo uliozoea mazoezi ni kama mwenye ndoo. Kila ukipiga unasukuma damu nyingi, hauna haja ya kwenda mbio. Mtu akianza kutembea upesi au kukimbia mara kwa mara, baada ya miezi michache huweza kuona namba inapungua daftarini.

Tusiharakishe kusema "mvivu"

Lakini mapigo yakienda mbio wakati umepumzika, sababu si kukosa mazoezi tu. Homa huyazidisha. Hofu, sigara na kahawa vilevile. Na kuna upungufu wa damu. Damu ikipungua, moyo hulazimika kuizungusha haraka. Malaria, minyoo ya safura na ujauzito huweza kuleta hali hiyo.

Huku vijijini tunamwona mama analima tuta moja, anakaa chini, anahema. Watu wanasema, "Huyu mvivu!" Pengine si mvivu hata kidogo. Moyo wake unafanya kazi ya ziada hata akiwa amelala. Huyo tusimhimize kukimbia wala kuongeza jembe. Apelekwe zahanati akapimwe damu.

Mapigo yakizidi 100 siku kadhaa ukiwa umepumzika, nenda zahanati. Yakiwa chini ya 60 na unasikia kizunguzungu, nenda pia. Kifua kikiuma, pumzi zikikatika au ukizimia, usingoje kesho. Chukua na daftari lako, litamsaidia mhudumu.

Maswali ya kujadili

1. Asha amehesabu mapigo 41 kwa sekunde 30. Ni mangapi kwa dakika?
2. Kwa nini hatupimii kidole gumba?
3. Katika kijiji chetu, nani tumewahi kumwita mvivu bila kujua afya yake?